Maneno Yamwamshayo Mtu: Lugha ya Kushawishi na Hotuba ya Kuishi Maisha Kamili

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya kazi ya maneno. Sisemi maneno ya sokoni ya kuulizia bei, wala maneno ya barazani ya kupitishia jioni, bali yale ambayo mtu husimama mbele ya wenzake akayasema kwa kusudi la kuwaamsha, ili waache kuishi nusu nusu, waishi maisha kamili. Hotuba za namna hii twazisikia mara kwa mara: siku ya kumaliza shule, siku ya arusi, katika nyumba za ibada, katika mikutano ya kijiji. Nyingine huingia sikio hili zikatokea sikio la pili. Nyingine hukaa moyoni mwa mtu miaka thelathini. Tofauti yake ni nini? Hilo ndilo swali letu.

Niseme kwanza maana yangu ninaposema maisha kamili. Sina maana ya utajiri. Mtu aishiye maisha kamili ni yule autumiaye uwezo alio nao: ajua jambo linalomhusu, achagua mwenyewe, na mkono wake wafanya alilolichagua. Mvuvi anaweza kuishi maisha kamili, na mwenye duka kubwa mjini anaweza kuyakosa.

Sasa niwasimulie aibu yangu mwenyewe, maana ndiyo iliyonifundisha. Miaka michache baada ya kuanza kazi ya ualimu, niliombwa kwenda kusema katika mwalo mmoja wa Ziwa, si mbali na mji wa Mwanza, ili kuwahimiza watu wazima waingie darasa la alasiri la kusoma na kuandika. Nilijitayarisha siku tatu. Nikachagua maneno makubwa makubwa: nuru na giza, upeo na mustakabali. Siku ilipofika nikasimama chini ya mwembe, karibu na vichanja vya kuanikia dagaa, nikanguruma. Wanaume wakapiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele, nami nikarudi nyumbani nimejaa furaha. Juma lililofuata darasa likafunguliwa. Wakaja watu wawili, na mmoja wao alikuwa amekuja kumtafuta ndugu yake.

Nilirudi mwaloni nikiwa na uchungu, nipate kuwauliza sababu. Bibi mmoja, mwanika dagaa, akanijibu kwa upole: "Mwanangu Mwalimu, usikasirike. Siku ile ulisema vizuri mno, hata tukasikia raha. Lakini mimi nilikuwa nikingoja useme jambo moja, nawe hukulisema. Nikienda darasani, na mvua ikija, nani ataanua dagaa wangu?"

Sikuwa na jibu. Nilipokuwa nikirudi, usiku ulikwisha kuingia, na huko ziwani niliziona taa za wavuvi zimetapakaa juu ya maji kama mji mwingine. Ninyi wa kando ya Ziwa mwaijua kazi hiyo. Usiku wa giza, mvuvi huwasha karabai, na siku hizi taa za umeme wa jua, nao dagaa huifuata nuru. Lakini mtu akienda ziwani na karabai peke yake, bila wavu, atawaona dagaa wengi sana, na asubuhi atarudi na mtumbwi mtupu. Ndipo nikatambua kosa langu. Hotuba yangu ilikuwa karabai, wavu sikuchukua.

Basi, tuitazame karabai kwanza, kisha wavu.

Watu wa kale waliyafikiri sana mambo haya. Huko Uyunani, katika karne ya 4 kabla ya kuzaliwa Kristo, mwanafalsafa Aristotle aliandika kitabu juu ya ufundi wa kusema. Alifundisha kwamba hotuba humvuta mtu kwa njia tatu: kwa tabia ya msemaji, kwa hali ya moyo ambayo msikilizaji hutiwa ndani yake, na kwa hoja zenyewe. Kwa maneno mengine, msikilizaji hujiuliza kimoyomoyo maswali matatu: Huyu asemaye ni mtu wa kuaminiwa? Asemalo lanigusa mimi? Je, ni kweli? Hotuba ikijibu moja tu katika hayo matatu, ni kama jiko la mafiga mawili, chungu hakitakaa.

Lakini sisi hatuna haja ya kwenda Uyunani kujifunza kwamba msikilizaji ni mtu huru. Katika nchi ya Usukuma kuna vyama viwili vya ngoma vyenye sifa, Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno hushindana. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na watazamaji wana ruhusa ya kwenda huku au kule wapendavyo. Mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Mashindano ya namna hii huonekana hata leo katika sikukuu ya Bulabo huko Bujora, karibu na Kisesa, mahali palipo na Makumbusho ya Wasukuma. Wachezaji huleta mambo ya ajabu, wengine hucheza na nyoka, wengine huja na nungunungu. Lakini manju asiye na neno la kuwaambia watu hawezi kuwashika kwa nyoka peke yake. Wakichoka, huvuka uwanja wakaenda upande wa pili. Kila asimamaye kuhutubu na akumbuke jambo hilo. Wasikilizaji wake wana miguu, hata wanapokaa kimya kwa adabu. Miili yao imo mkutanoni, lakini mioyo imekwisha kuvuka uwanja.

Sasa nichukue mfano wa hotuba moja ya kweli, kwa sababu ilihusu jambo lili hili la kuishi maisha kamili, na kwa sababu matunda yake yalifika pwani hii ya Ziwa.

Usiku wa tarehe 31 Desemba, 1969, mwaka ulipokuwa ukigeuka, Rais wa Tanzania, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliwahutubia wananchi kwa redio. Mwalimu Nyerere alizaliwa 1922 katika kijiji cha Butiama, upande wa mashariki wa Ziwa hili, akafanya kazi ya ualimu kabla ya kuingia katika siasa, akafariki tarehe 14 Oktoba, 1999. Usiku ule alitangaza kwamba mwaka 1970 utakuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati huo kazi ilikuwa kubwa: katika hesabu ya watu ya 1967, watu wazima wapatao 67 kwa mia walikuwa hawajui kusoma wala kuandika.

Angeweza kusema, "Serikali imeamua kufungua madarasa, kila mtu ahudhurie." Tangazo la namna hiyo lingekuwa la kweli, na watu wangelala usingizi kabla halijakwisha. Yeye alianzia mahali pengine. Alianzia ndani ya moyo wa msikilizaji. Alisema kwamba sisi tu maskini, na kwamba wengi mno miongoni mwetu twaikubali hali yetu kana kwamba ni mapenzi ya Mungu, twadhani hatuwezi kufanya neno lo lote. Kisha akasema kwamba kusudi la kwanza la elimu ya mtu mzima ni kututikisa tutoke katika hali hiyo ya kukubali tu maisha kama yalivyokuwa kwa karne nyingi.

Hebu tuyachungue maneno hayo polepole, kama mwanafunzi achunguzavyo saa iliyofunguliwa.

Jambo la kwanza ni neno "sisi". Hakusema "ninyi maskini", alisema "sisi". Katika Kiswahili tofauti hii ni ya herufi chache tu, lakini uzito wake ni mkubwa. "Mlime" ni sauti ya mtu aliyesimama ukingoni mwa shamba, amevaa viatu safi. "Tulime" ni sauti ya mtu mwenye jembe. Kiambishi kile kidogo humwingiza msemaji ndani ya kitendo pamoja na wasikilizaji wake. Lakini angalieni: neno hili halikopwi. Msemaji asemaye "tujinyime" hali kila mtu ajua kwamba hajinyimi, atakuwa amejishtaki mwenyewe mbele ya mashahidi. Hapo ndipo tabia ya msemaji inapoingia katika sarufi.

Jambo la pili, aliitaja hofu ya msikilizaji kabla msikilizaji hajaitaja. Mtu wa kijijini aliyekuwa akisikiliza huenda alikuwa akisema moyoni, "Mambo haya si ya mtu kama mimi, mimi Mungu amenipangia jembe na ujinga." Msemaji akaliinua wazo hilo likaonekana nuruni. Wala hakuidharau imani ya mtu, maana yeye mwenyewe alikuwa mtu wa dini. Alitenga tu mapenzi ya Mungu na uvivu wa wanadamu wa kutojaribu. Msikilizaji asikiapo shaka yake ikitajwa kwa heshima, husema, "Kumbe huyu anijua." Akisema hivyo, masikio yake yamefunguka.

Jambo la tatu ni takriri, yaani kulirudia neno kwa makusudi. Katika hotuba ile alieleza kwamba kuishi ni kujifunza, na kujifunza ni kujaribu kuishi vizuri zaidi. Tazameni jinsi maneno mawili, kuishi na kujifunza, yanavyobadilishana mahali kama wachezaji wawili wa ngoma: la kwanza hutangulia, kisha hufuata. Tena alisema kwamba njia iliyo bora ya kujifunza kushona ni kushona, na ya kujifunza kulima ni kulima, na ya kujifunza kupika ni kupika, na ya kujifunza kufundisha ni kufundisha. Maneno hayo hayahitaji kitabu. Asiyejua kusoma aweza kuyachukua yote kichwani, akayapeleka shambani kesho yake. Na hiyo ndiyo sababu ya takriri: ni mpini ambao msikilizaji huushika ili achukue alichosikia. Asemaye mambo kumi bila mpini amewapa watu moto mikononi.

Jambo la nne ni picha na kinyume. Kwa jambo hili hotuba nyingine ya Mwalimu yafundisha vizuri zaidi. Tarehe 22 Oktoba, 1959, nchi ilipokuwa haijapata uhuru, alisema katika Baraza la Kutunga Sheria kwamba watu wa Tanganyika wangependa kuwasha mwenge na kuuweka juu ya mlima Kilimanjaro, umulike hata nje ya mipaka. Halafu akapanga vinyume vitatu, viwili viwili: matumaini mahali pa kukata tamaa, upendo mahali pa chuki, heshima mahali pa kudhalilishwa. Wengi waliosikia habari hiyo walikuwa hawajauona Kilimanjaro kwa macho yao. Lakini kila mtu alijua mlima ni nini, alijua moto ni nini, na alijua giza. Picha njema hutumia vitu vilivyomo tayari katika nyumba ya msikilizaji. Nayo picha ile ikageuka kuwa kitendo: uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba, 1961, mwenge uliwashwa kweli katika kilele cha mlima ule. Watu wakaona kwamba neno halikuwa upepo.

Hiyo yote ni karabai, ndugu zangu: sisi, hofu iliyotajwa, takriri, picha na kinyume. Ni vitu vizuri, wala mtu asivibeze. Bila nuru dagaa hawaji. Lakini sasa tuulize: wavu ulikuwa wapi?

Wavu ulikuwa katika mambo yaliyofuata. Mwishoni mwa 1970 ilitangazwa kwamba wilaya sita zifute ujinga wa kusoma na kuandika kabla ya 1971 kwisha. Wilaya hizo ni Mafia, Masasi, Rungwe, Pare, Kilimanjaro, na Ukerewe, kisiwa chetu hiki cha Ziwa. Tena tangu 1968 hapa Mwanza palikuwa na makao ya mpango wa majaribio wa elimu ya watu wazima, uliosaidiwa na shirika la UNESCO, ukifanya kazi katika mikoa ya kando ya Ziwa. Wenye mpango ule walitambua jambo la maana. Mtu mzima hataki kusomea sentensi za watoto. Basi vitabu vyao vilihusu kazi za wasomaji wenyewe: pamba, ndizi, uvuvi, ufugaji wa ng'ombe, na kazi za nyumbani. Mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa kusoma neno pamba, na papo hapo akajifunza jinsi ya kuitunza. Hotuba ilisema kwamba kuishi ni kujifunza, kitabu kikathibitisha.

Kisha ukaja mwaka 1973, na kampeni iliyoitwa "Mtu ni Afya". Fikirini jina hilo kidogo. Ni maneno matatu tu. Halisemi kwamba afya ni jambo jema, jambo ambalo kila mtu alijua na hakuna aliyelikataa. Lasema kwamba mtu mwenyewe ni afya. Ukiipunguza afya, umempunguza mtu. Kiswahili kina bahati ya kuwa na neno fupi "ni", ambalo hufunga vitu viwili kama ukambaa. Lakini wakuu wa kampeni ile hawakutosheka na jina zuri. Katika vijiji watu wapatao milioni 2 waliketi makundi makundi, kila kundi na kiongozi wake aliyefundishwa kazi, na kitabu chake, na redio. Walisikiliza kipindi, wakasoma, wakajadiliana, halafu wakaulizana: Sisi hapa kijijini tutafanya nini juma hili? Wengine wakachimba vyoo, wengine wakafyeka majani kuzunguka nyumba ili kufukuza mbu, wengine wakasafisha visima. Vyoo vilivyochimbwa nchi nzima vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Hapo nuru na wavu vilikuwa katika mtumbwi mmoja.

Na hesabu ya wasiojua kusoma? Kutoka 67 kwa mia mwaka 1967, ilishuka hata, kwa hesabu za serikali, ikawa chini ya 10 kwa mia mwaka 1986. Miaka iliyofuata hali ilirudi nyuma, maana madarasa yalipungua na nguvu ya kazi ikafifia. Hilo nalo ni fundisho. Hotuba njema ya jana haimwamshi mtoto aliyezaliwa leo. Lazima kila kizazi kihutubiwe tena, na lazima kila mara wavu ushonwe upya.

Wasikilizaji wangu, ningekuwa nimewadanganya kama ningeishia hapa. Lugha ya kushawishi ina upande wa pili, na hata neno lenyewe latuonya. Wale waliolelewa katika dini wajua kwamba kishawishi, katika sala, ni jaribu liwezalo kumtia mtu dhambini. Ulimi ule ule uwezao kumvuta mtu kwenye uzima waweza kumvuta kwenye shimo.

Mwalimu Nyerere aliijua hatari hiyo vizuri, maana alitafsiri kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare juu ya Juliasi Kaizari. Tafsiri yake ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1963, akaisahihisha ikatoka tena 1969, mwaka ule ule wa hotuba ya redio. Katika tamthilia hiyo Kaizari ameuawa, na watu wawili wausemesha umati mmoja, siku moja, mbele ya maiti moja. Wa kwanza, Brutus, atoa hoja zake kwa utulivu, na watu wamshangilia. Wa pili, Antony, asimama baada yake, aonyesha vazi lenye damu, ataja wosia, awaliza. Muda si muda watu wale wale waliomshangilia Brutus wakimbia kwenda kuchoma nyumba. Umati haukupewa nafasi ya kuuliza swali hata moja. Hapo ndipo pa kumtambulia msemaji mbaya: aogopa swali. Huharakisha moyo ili akili isipate nafasi ya kuvaa viatu.

Kuna na funzo lililo karibu zaidi nasi. Mwaka 1968, katika andiko lake juu ya uhuru na maendeleo, Mwalimu alieleza kwamba watu hawawezi kuendelezwa na mtu mwingine, hujiendeleza wenyewe. Kwa miaka kadha watu walishawishiwa kwa maneno waingie katika vijiji vya ujamaa. Wengi hawakwenda upesi kama ilivyotarajiwa. Mwezi wa Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri. Mwaka uliofuata operesheni ikafika Usukumani. Mahali pengine watu walihamishwa kwa nguvu, na nyumba zao zikabomolewa au kuchomwa ili wasirudi. Sisemi haya kuwahukumu wazee, maana kusudi lilikuwa shule, maji na zahanati karibu na watu, na wako waliozipata. Nasema ili tuone mpaka ulipo. Kushawishi ni kumwachia mtu uwezo wa kukataa. Siku msemaji anapoondoa uwezo huo, hotuba imekwisha, hata kama bado anatumia maneno mazuri. Na mtu aliyeingizwa katika maisha mema kwa kusukumwa hajayaingia bado. Mwili umo, yeye hayumo.

Haya, nirudi kwenye mwalo wangu, nimalize hadithi niliyoianza.

Baada ya jibu la yule bibi nilikaa na wanika dagaa siku kadha, nikisikiliza tu. Nikajifunza jambo ambalo ningepaswa kulijua tangu mwanzo. Wakati wa mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani, kwa sababu nuru ya taa haishindi nuru ya mwezi. Basi siku hizo vichanja huwa vitupu na wanawake hupata nafasi. Tukapatana kwamba masomo mengi yawekwe katika siku za mbalamwezi, na katika siku za giza wanawake waende wawili wawili kwa zamu, mmoja akisoma, mwenziwe akiangalia dagaa za wote wawili.

Kisha nikahutubu mara ya pili, chini ya mwembe ule ule. Nilisema robo saa tu. Nilianza kwa swali la bibi, nikamtaja kwamba ni lake, nikalijibu. Nikauliza: "Ni nani hapa ambaye deni lake liliandikwa na mtu mwingine katika daftari, naye hakuweza kujua limeandikwaje?" Hakuna aliyejibu, lakini niliona macho yakishuka chini. Nikasema, "Tutasoma namba kwanza, ili tusome mizani. Tutasoma majina baadaye, ili tusome daftari." Nikataja siku, nikataja saa, nikaonyesha kwa kidole chumba chenyewe. Hakukuwa na vigelegele. Juma lililofuata walikuja watu kumi na wanne, na aliyetangulia kuketi mbele alikuwa yule bibi. Siku hizi daftari la madeni yake huliandika mwenyewe. Mfanyabiashara ajapo kununua dagaa, bibi huvaa miwani, huinamia mizani, husoma kwa sauti. Mimi nikiona hivyo husema moyoni, huyu sasa aishi.

Basi ninyi vijana wa shule, na ninyi wazee mtakaoitwa kusema mikutanoni, nawaachia shauri langu kwa ufupi. Kabla hujaandika neno la kwanza, kaa na watu wako hata ulijue swali wanaloliogopa. Sema "sisi" iwapo ni kweli. Chagua picha moja iliyomo machoni mwao kila siku, uirudie, wala usilete kumi. Lirudie neno ambalo wataka waende nalo nyumbani. Usiseme lo lote usiloweza kulirudia mbele ya mtu aulizaye, "Je, ni kweli?" Mwisho wape jambo moja dogo ambalo mkono wao waweza kulifanya kesho asubuhi, uwaachie nafasi ya kukataa. Halafu keti. Makofi yakija, yapokee kwa adabu, lakini usiyahesabu. Hesabu watakaokuja juma lijalo.



MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kumbukeni hotuba moja mliyoisikia zamani, ambayo bado mwaikumbuka. Ni neno gani lililowafanya muikumbuke?

2. Kuna tofauti gani kati ya kusema "Mchimbe vyoo" na "Tuchimbe vyoo"? Ni wakati gani msemaji hana haki ya kusema "tu"?

3. Brutus na Antony waliusemesha umati mmoja. Ni maswali gani ambayo watu wale wangepaswa kuuliza kabla ya kukimbia?

4. Kama mngetaka kuwashawishi watu wa kijiji chenu wafanye jambo moja jema, hofu yao ya kwanza ingekuwa nini, nanyi mngeijibuje?